Aliyetukalisha, Sasa Naye Akae

Katika kaunti hizi mbili, Kisii na Nyamira, hajazaliwa kijana wa kukalisha watu kama mimi Ronny Mose. Nikikohoa, ng'ombe anayekunywa maji mtoni anapiga magoti. Nikiinua mkono, mkungu wa ndizi uliosimamishwa nyuma ya boda boda unaomba ruhusa ulale. Shule niliiacha kidato cha pili, na si kwamba kichwa kilikuwa kizito, la. Dawati lilikuwa linanionea: mimi ndiye nilikuwa nakalishwa kutwa nzima, na kipaji changu ni cha upande ule mwingine.

Hayo nimeyatanguliza ili yaishe. Cynthia, katibu wa klabu yetu ya Rigena na mwenye kijitabu hiki cha mechi, amenionya kwamba wasifu wa mstaafu huanza na miaka na tarehe, na kwamba mstaafu si mimi. Basi. Mama Edinah Nyamusi ameutumikia uwanja wa Rigena kwa miaka ishirini na tisa, tangu mwaka wa 1996, akiwa mhudumu wa jukwaa. Anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Novemba, siku tunayocheza na Majani FC ya Nyamira. Kazi yake ilikuwa moja, na ukimtajia mgeni anacheka: kuwakalisha mashabiki chini, na waliokaa kuwazuia wasisimame.

Mgeni na acheke. Sisi wiki hii hatucheki.

Watu wa Rigena mnajua kwa nini, lakini kijitabu hiki kitasomwa na watu wa Nyamira pia, kwa hivyo naeleza. Jukwaa letu ni la mbao na mabati. Watu wakikaa, linawabeba vizuri kabisa, kama mama aliyefunga mtoto mgongoni. Wakisimama kwa pamoja, mbao zinalia. Wakiruka, misumari inachungulia. Mwezi uliopita Bwana Mogire, mkaguzi wa viwanja vya ligi yetu, alipita chini yake na tochi, akatoka na utando wa buibui kwenye kofia. Akasema, "Hili ni jukwaa la kukaa. Nitakuja siku ya Nyamira. Nikiliona limesimama, nalifunga siku hiyo hiyo."

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Ochoki, akajaribu utani: "Lakini Bwana Mogire, jukwaa lisiposimama si ndilo limeanguka?"

Bwana Mogire hakucheka. Alifuta kofia yake, akaenda.

Sasa fikiria mwenyewe. Mvua yetu ya alasiri haiulizi kama kuna mechi. Uwanjani pale paa ni moja tu, la jukwaa. Upande wa pili kuna Kilimani, lile tuta la nyasi ambapo vijana wanasimama bure kwenye tope, na mimi nimelelewa pale, sina ubaya nalo. Lakini huwezi kumwambia mzee wa fimbo, au mama mwenye mtoto wa miezi mitatu, aende akasimame Kilimani. Jukwaa likifungwa, hao wamefungiwa mpira. Na anayepaswa kuhakikisha halisimami, siku ya mechi kubwa kuliko zote, huku mkaguzi akitazama, ni mimi. Lakini tuendelee, huu ni wasifu.

Mama Edinah alizaliwa na kuolewa upande wa Nyamira, katika mashamba ya chai. Mwaka ule wa 1996 alikuwa akija Rigena kuuza mahindi ya kuchemsha. Siku moja, mechi ikiwa imechemka kuliko mahindi, jukwaa zima lilisimama, watu wa nyuma wakawasukuma wa mbele, wa mbele wakamwagikia njiani na karai lake likaenda na maji. Mwanamke mwingine angelia. Yeye alipanda jukwaani na mwiko wake, akawapa mpira mgongo, akawatazama watu usoni, mmoja baada ya mwingine, akasema neno moja la Ekegusii: "Ikaransa." Kaa chini. Wanasema hakupaza sauti. Wanasema pia kwamba mwiko ulikuwa bado unatoa mvuke. Safu ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa, mpaka juu kabisa. Mwenyekiti wa wakati huo akateremka akamwuliza kama anaweza kufanya hivyo tena wiki ijayo. Akajibu kwamba anaweza, lakini mahindi ayalipe nani? Akaajiriwa palepale.

Tangu hapo hajatumia neno lingine. Makocha wamepita, marefa wamekimbizwa, mabati yamebadilishwa mara mbili, na neno ni lile lile. Ana namna yake ya kulisema. Mimi nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, mbele ya mbuzi, na mbele ya ndugu zangu wadogo ambao wananidharau. Kulisema nalisema. Lakini likitoka kwangu linakuwa ombi, likitoka kwake linakuwa kiti.

Yeye mwenyewe alinifundisha kanuni ya kazi siku ya kwanza nilipoletwa kumsaidia, miaka mitatu iliyopita. Nilisimama kando yake, macho kwa mchezaji wetu wa pembeni, naye akanigeuza kwa bega kama unavyogeuza chapati. "Ronny, mpira una watu ishirini na wawili wa kuushughulikia. Hawa hapa wana mimi na wewe. Mgongo kwa mpira, uso kwa watu." Ndivyo alivyofanya miaka yote hiyo. Mechi zote amezitazama kwenye nyuso. Anajua kona kwa namna watu wanavyovuta pumzi. Anajua penalti kwa mabega. Nimemwona akisema, "Wametufunga," kabla kipa hajajua, kwa sababu tu aliona mdomo wa Mzee Obwocha wa safu ya tatu ukifunguka bila sauti.

Na ana nadharia yake, ambayo mimi naona ingefaa kusomewa bungeni. Anasema watu hawasimami kwa ajili ya mpira. Aliyechuma chai wiki nzima, Jumatatu hadi Ijumaa amesimama na kikapu mgongoni, huyo ukimpa benchi analishukuru, hasimami hata nyumba ikiungua. Msumbufu ni mtu wa ofisini kutoka mjini. Amekaa wiki nzima kwenye kiti cha kuzunguka, makalio yamechoka, amekuja uwanjani kuyapumzisha. Huyo ndiye wa kuchungwa. Kwa hivyo Mama Edinah akimwona mtu ana viatu vinavyong'aa anampeleka safu ya nyuma kabisa. Huko akisimama anamziba nani? Anaziba mabati.

Mashabiki wageni hushangaa jambo jingine. Viwanja vingine mlangoni wanakuuliza tikiti. Kwetu tikiti ni ya pili. Kwanza Mama Edinah anakuuliza, "Umeoa wapi?" Na kama ni mwanamke, "Umeolewa kwa nani?"

Hili lilianza na Ishmael, mwenye bucha. Ishmael alikuwa amekaa safu ya pili, katikati, ametulia na njugu zake, ndipo akaingia mama mkwe wake na kukaa benchi lile lile. Watu wa Mombasa mkisoma hapa mtauliza shida iko wapi. Shida ni chinsoni. Sisi Abagusii tuna heshima kati ya mtu na mkwe wake, kama kati ya mzazi na mtoto, na heshima hiyo ina mipaka yake. Mwanamume hakai benchi moja na mama mkwe wake. Hawatazamani ana kwa ana. Akikaribia, wewe unainuka, unampisha, unaangalia pembeni. Basi Ishmael akainuka. Apite wapi, njia imejaa? Akabaki amesimama pale, uso kwenye paa, njugu mkononi, jasho linamtoka. Aliye nyuma yake hakuona, akasimama. Aliye nyuma ya huyo akasimama. Jukwaa likawa wima kutoka chini hadi juu kwa sababu ya adabu ya mtu mmoja, na bao letu la pekee siku hiyo lilifungwa bila mtu yeyote wa jukwaani kuliona. Mpaka leo Ishmael akiuza nyama, kuna wateja wanaomwambia, "Nipe kilo moja, na usisimame."

Kuanzia hapo Mama Edinah akaanza kuuliza. Anakuuliza umeoa wapi, anafikiri kidogo huku akitazama ni nani ameshaingia, kisha anakupeleka safu yako. Wakwe anawatenga kama mtu anavyotenga maharagwe mabovu: huyu huku juu, yule kule kona. Na mechi ya Nyamira ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu nusu ya Kisii imeoa Nyamira na nusu ya Nyamira imeoa Kisii. Siku hiyo jukwaa ni arusi moja kubwa ambayo hakuna anayeruhusiwa kumtazama mwenzake.

Swali hilo limevunja wengi. Kuna kijana wa Nyanchwa, jina nalificha kwa sababu ana mwili mkubwa, aliyekuja na msichana mgeni, amempulizia marashi mpaka yakafika Kilimani. Alipoulizwa umeoa wapi akasema kwa maringo, "Mimi bado niko huru, mama." Mama Edinah akamwambia, "Basi kaa mbali na safu ya nne, maana baba yake mke wako yuko pale, anauliza kama umefika." Msichana alirudi mjini kabla ya kipenga.

Mimi pia niliulizwa, mwezi wa nane, kwa utani tu, kwa sababu nilikuwa nazuia mlango. "Na wewe Ronny, umeoa wapi?" Nikajibu kama ninavyojibu vitu vyote. "Bado, lakini njia inaelekea kwako." Maana ana binti, Lavender, na Lavender nami tulikuwa tumeongea. Wengine walicheka. Yeye akasema, "Basi utakuja na wazee. Usije na mdomo."

Nimekwenda na wazee. Jumapili iliyopita, kwa kuwa hatukuwa na mechi, baba zangu wadogo walivaa makoti, tukapanda Nyamira, maneno yakasemwa, chakula kikaliwa, na tukakubaliwa. Najua kuna vijana watatu wa Keroka wanaosoma hapa na roho zinawauma. Poleni sana.

Turudi kwa mstaafu. Kuna mambo mawili ambayo yakikosekana hapa Mwalimu Ochoki atasema sikufanya kazi.

La kwanza ni lile la mkaguzi wa kwanza, kabla ya huyu Bwana Mogire, mtu wa Pwani mwenye Kiswahili cha kuteleza. Alikaa jukwaani akasikia vijana wetu wakimwitikia Mama Edinah, "Ndiyo, baba. Tunakaa, baba." Akamtazama. Mwanamke, leso kichwani, leso kiunoni. Akaandika kitu. Baadaye akamvuta Mwalimu Ochoki kando, akamwuliza kwa sauti ya chini yule baba ameajiriwa kwa cheti cha nani. Ilibidi aelezwe kwamba kwa Ekegusii baba ndiye mama, na baba wa Kiswahili kwetu ni tata. Yule bwana akasema Kiswahili kimekwenda mbali kikapotea. Mama Edinah akamjibu kwamba hakijapotea, kimekaa chini.

La pili ni la maombi. Kuna mwaka tulinyimwa penalti ambayo hata kipa wao alikuwa ameanza kuitayarishia mikono. Jukwaa lilisimama lote. Alisema ikaransa mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Mbao zikaanza kulia, na walio karibu naye wanasema walimwona akimeza mate, jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Ndipo akainua mikono yote miwili na kusema kwa sauti ya kanisani, "Tuombe." Sasa wewe unawajua watu wetu. Msabato yupo, Mkatoliki yupo, mlevi yupo, lakini ukisema tuombe, kofia zinatoka. Kukawa kimya, vichwa chini, macho yamefungwa. Akaomba maneno machache, akamwombea refa macho. Aliposema "Amina," kila mtu akakaa, kama ibada inavyokwenda. Wengine walishtuka kujikuta wamekaa. Tulishindwa ile mechi, lakini hakuna aliyevunjika mguu, na refa alitoka na viatu vyote viwili.

Niliwahi kumwuliza mbona hatumii maombi kila wiki. Akasema, "Mungu si mhudumu wa jukwaa, Ronny. Huyo unamwita mara moja."

Kwa hivyo maombi yameshatumika. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wamenishauri niyatumie.

Kwa nini anaondoka? Magoti. Huyu aliyewakalisha watu wa kaunti mbili hakuwahi kukaa mwenyewe, mechi hata moja. Daktari wa mjini alimwangalia magoti akamwuliza anafanya kazi gani, naye akamwambia, "Nakalisha watu." Daktari akamwambia aanze na yeye. Klabu ilimwomba abaki japo msimu mmoja, akakataa. Alisema jukwaa linataka mtu ambaye miguu yake haifikirii.

Miguu yangu haifikirii. Ni kichwa ndicho kinafikiria siku hizi. Mechi iliyopita aliniachia kipindi cha pili peke yangu, ili anione. Nilisimama mbele, katikati, mahali pake, kwa sababu ukisimama kona safu za upande wa pili hazikuoni na neno linaliwa na mabati. Mgongo kwa mpira, uso kwa watu. Mambo yalikwenda vizuri, na nawaambia wazi nilikuwa napendeza. Kisha tukapata kona, nusu wakainuka. Nikasema neno. Mzee Obwocha akanijibu kutoka safu ya tatu, kwa upole kabisa, "Ronny, wewe ulikaa lini?" Jukwaa likacheka. Waliocheka walikaa, kwa sababu huwezi kucheka vizuri ukiwa umesimama, lakini waliobaki walibaki wima mpaka Mama Edinah alipotokea mlangoni. Hakusema kitu. Alitokea tu. Wakakaa wote, na mimi karibu nikae.

Aliniambia jioni ile, tukifunga mlango, "Wanakujaribu. Nami walinijaribu."

"Wewe ulikuwa na mwiko, baba."

"Mwiko ulipoa mwaka ule ule," akasema.

Kwa hivyo tulikubaliana, klabu nzima, kwamba tunamuaga kwa namna inayomfaa. Saa, la, anayo. Mbuzi, la, ana mbuzi kuliko klabu ina wachezaji. Na hapa naomba msome polepole, kwa sababu wazo lilikuwa langu. Nilisimama kwenye mkutano nikasema: mpeni kiti. Kiti chake mwenyewe, cha mninga, chenye mgongo na mikono, jina lake limechongwa, EDINAH NYAMUSI, safu ya mbele kabisa, katikati kabisa, ili Jumapili hii atazame mpira kwa mara ya kwanza maishani mwake. Atazame goli lenyewe, aachane na mdomo wa Mzee Obwocha. Mwalimu Ochoki alinipigia makofi. Cynthia alisema kumbe nina akili. Fundi alikileta Jumanne na kukifunga kwa saruji palepale, kwa kuwa nilisisitiza kwamba kiti kisichohama ndicho cha heshima. Saruji imekauka. Nimekitikisa mwenyewe, hakiendi popote. Na yeye ametuma salamu kwamba amekubali, atakaa.

Kwa hivyo, Mama Edinah, kwa niaba ya Rigena yote, jukwaani na Kilimani, asante kwa mwiko, asante kwa neno, asante kwa kila mzee aliyerudi nyumbani bila kukanyagwa. Magoti yako yapate mto laini, chai yako isiharibiwe na mvua ya mawe, na kila utakakokwenda upate wa kukupisha. Ukae, utazame, na

Hapa niliweka kalamu chini, na sitaficha kwa nini. Nilikuwa naandika "utazame" nikajiuliza atatazama nini. Nikachora kwa kidole mezani. Kiti kiko safu ya mbele, katikati. Mhudumu anasimama mbele, katikati. Mgongo kwa mpira, uso kwa watu. Uso kwa nani, kwanza kabisa? Uso kwa aliyekaa kwenye kile kiti, hatua mbili, ana kwa ana, dakika tisini.

Na tangu Jumapili iliyopita huyo ni mama mkwe wangu.

Miaka mitatu nimesimama mlangoni nikiwauliza watu wazima umeoa wapi. Nimemcheka Ishmael mpaka nikaumwa mbavu. Kila mkwe aliyeingia Rigena tulimtafutia safu yake, na aliyesahau kujitafutia ni mimi. Kiti nilikipendekeza kabla ya wazee kupanda Nyamira, na tulipotoka Nyamira nilikuwa nafikiria Lavender tu, sikufikiria saruji. Nimempigia Cynthia, akasema, "Ronny, hiyo saruji ulisema iwe ngumu." Nimempigia fundi. Anasema kiti kitatoka, lakini kitatoka na safu.

Mtu wa kunishikia zamu hakuna. Kusimama kona hakufai, tumeshaliona. Kumwambia asije siku yake mwenyewe, nani atakwenda Nyamira na maneno hayo, na kwa wazee gani? Naye namjua. Heshima yake haina likizo, na chinsoni inambana mama mkwe kama inavyombana mkwe. Akiniona nimesimama mbele yake, magoti mabovu au mazima, atainuka anipishe macho. Na yeye akiinuka, nani Rigena atabaki amekaa? Miaka ishirini na tisa jukwaa limesubiri ruhusa yake. Litasimama lote, watoto kwa wazee, na Bwana Mogire atakuwa pale na kofia yake.

Hilo ndilo lililoharibika, na limeharibika kweli. Mengine yote niliyoyasema juu yangu mnaweza kuyapunguza mtakavyo.

Nimefikiri mpaka taa ikaisha mafuta, na nimepata njia moja tu, ambayo inavunja kanuni ya kwanza uliyonifundisha, Mama Edinah. Jumapili nitasimama mahali pako, lakini nitakupa mgongo. Nitautazama mpira, kwa adabu, kama mkwe. Watu sitawaona. Mbao zikianza kulia nyuma yangu sitajua ni nani ameanza. Utawaona wewe, ukigeuza shingo, na ukiwaona wanainuka, nakuomba ulikopeshe jukwaa neno lako kwa siku moja zaidi. Mimi nitainua mkono tu, ionekane ninafanya kazi.

Lakini wewe mwenyewe, nikiteleza nikageuka, macho yetu yakakutana kwa bahati mbaya, usiinuke. Chinsoni itatusamehe, tutachinja kuku, wazee watapata la kusema. Kiti ni chako. Ikaransa, baba.